Kuosha nyumba ya magurudumu: bei inatoka wapi?

Wanafunzi wenzangu, katika Marekani watu wengi wako na motokari kubwa yenye kitanda, jiko na choo ndani, ya kutembelea wakati wa vakansi. Kuna mafundi wa kuiosha na kuipakaa nta. Wengi wanahesabu bei kwa urefu, kwa futi (sentimetre 30). Tuseme fundi anaomba dola 15 kwa futi: motokari ya futi 30 itakuwa dola 450.

Juu ya nini bei kali vile? Kuta nyingi ni za nyuzi za kioo, na juu yake kuna ngozi nyembamba yenye kung'aa. Jua linakula ile ngozi, inakuwa kama chaki. Nta inaikinga. Mwenye motokari akichelewa, fundi anapaswa kwanza kusugua chaki yote kwa mashine, na bei inapanda. Paa la mpira, lenyewe halipakwi nta, linaoshwa tu kwa sabuni yake.

Basi mbele ya kulipa, inafaa kuuliza: paa imo ndani ya bei? Kusugua kumo? Anayepakaa nta kwa wakati wake analipa kazi moja. Anayengoja analipa mbili, na pengine ngozi haiponi tena.