Gofu: handikapu ni nini, na inashuka namna gani?

Hapa Kama, mtu akisikia matokeo ya gofu ya Lubumbashi ao Kigali, neno handikapu linamsumbua. Ni hesabu ya mipigo ambayo mchezaji anapunguziwa. Mwenye 20 akipiga 92 kwenye mashimo 18, anahesabiwa 72, basi anashindana na fundi bila haya. Tangu 2020 inatokana na wastani wa michezo 8 bora kati ya 20 ya mwisho.

Wengi wanataka kupiga mbali tu, watu washangilie. Lakini kwenye uwanja wa mipigo 72, mipigo 36 ni ya kusukuma mpira polepole uingie shimoni, miwili kila shimo. Hapo ndipo handikapu inashuka. Shimo lina upana wa milimita 108, karibu sawa na kopo la maziwa ya unga. Zika kopo kwenye kiwanja kilichofagiliwa vizuri, anza na hatua mbili, halafu tatu.