Pikapu Inayodunda Nyuma: Chunguza Kabla ya Kuongeza Springi

Katika kata zetu za milimani pikapu si chombo cha anasa. Ndiyo inayoshusha kabichi, karoti na njegere za Nyandira na Langali hadi Mlali na masoko ya mjini Morogoro. Ndiyo inayotoa ndizi na viungo Kinole na Matombo. Na usiku, mara nyingi, ndiyo inayomfikisha mgonjwa au mama mjamzito kwenye kituo cha afya. Kwa hiyo uzima wa gari hilo si shauri la mmiliki peke yake. Makala haya yanaeleza kasoro moja ambayo husikika sana midomoni mwa madereva, na ambayo tiba yake ya haraka inaweza kuleta hatari kubwa kuliko kasoro yenyewe: gari kudunda upande wa nyuma.

Lalamiko ni moja, bali visababishi vyake ni vingi. Ili kuvitenganisha, ni vyema mwananchi afahamu kwanza jinsi sehemu hiyo ya gari ilivyoundwa. Pikapu nyingi zinazopanda Uluguru, Toyota Hilux na Land Cruiser zikiwamo, zimefungwa nyuma springi za vyuma bapa vilivyolazwa kimoja juu ya kingine na kukazwa pamoja na ekseli. Gurudumu likiingia shimoni, springi hukunjuka na kupokea nguvu ya pigo, kisha huirudisha. Ingekuwa springi peke yake, gari lingeendelea kupanda na kushuka kwa muda mrefu. Anayeikata safari hiyo ni shokapu. Ndani yake kuna mafuta yanayosukumwa kupita katika matundu madogo sana, na nguvu ya mdundo hugeuka kuwa joto. Springi hubeba, shokapu hutuliza. Fundi au dereva anayezichanganya kazi hizi mbili atanunua kifaa kisichohitajika.

Swali la kwanza, basi, ni hili: gari linadunda lini? Likidunda likiwa tupu, kwa mishtuko mifupi na migumu, huenda halina ubovu wowote. Springi zake zimetengenezwa kustahimili mzigo wa karibu tani moja. Zisipopewa mzigo hazikunjuki vya kutosha, na bodi huruka badala yake. Hiyo ni tabia ya gari la mizigo. Likivuka tuta kisha likanesanesa mara mbili au tatu kabla ya kutulia, mshukiwa ni shokapu. Na likibeba mzigo likasikika linagonga chuma kwa chuma katika kila shimo, springi zimelegea au zimezidiwa, hata ekseli inafikia raba ya kizuizi iliyo chini ya chesisi.

Kabla ya kugusa spana yoyote, pimeni upepo wa matairi asubuhi gari likiwa halijatembea. Kipimo sahihi huandikwa kwenye kibandiko kilichopo mlangoni mwa dereva au kwenye nguzo ya mlango huo, na katika pikapu nyingi upepo wa tairi za nyuma wakati wa mzigo hutofautiana na ule wa gari tupu. Hapa ndipo wenzetu wengi hupotea. Gari hujazwa upepo wa kubebea kabichi, hushusha mzigo mjini, kisha hupanda mlima likiwa tupu na upepo ule ule. Tairi iliyojaa kupita kiasi hudunda kama mpira wa miguu, na hakuna shokapu itakayoweza kuituliza. Kipimo hicho hakigharimu kitu, na ni jambo la kusikitisha kuona mtu amebadili springi kwa fedha za msimu mzima kabla ya kukifanya.

Upepo ukiwa sawa, geukieni shokapu. Egesheni gari tupu mahali pa tambarare. Watu wawili wasimame kwenye bampa ya nyuma, walitikise mara kadhaa, kisha washuke kwa pamoja gari likiwa limeinama. Likipanda mara moja na kutulia, ni dalili njema. Likiendelea kunesa, shokapu imechoka. Mtu mmoja akisukuma kwa mikono hataona kitu, kwa kuwa springi za pikapu ni ngumu mno. Jaribio hili halitoshi peke yake, maana shokapu iliyochoka nusu hulipita. Kwa hiyo tazameni pia mwili wa shokapu. Unyevu mdogo wenye vumbi si lazima uwe ubovu, lakini mafuta yanayotiririka maana yake sili imekufa na kilichomo ndani kinakwisha. Tazameni tairi nazo: zikiwa zimelika kwa mabonde mabonde kuzunguka duara, huenda gurudumu limekuwa likiruka na kutua badala ya kubiringika.

Lipo jaribio jingine ambalo mwandishi wa makala haya analipenda kuliko yote, kwa sababu linatokana moja kwa moja na kazi ya shokapu. Baada ya kutembea kilomita kadhaa katika njia ya makorongo, simamisheni gari mahali salama na mguse shokapu za nyuma kwa uangalifu, mkijihadhari na bomba la moshi. Shokapu inayofanya kazi huwa na joto, kwa maana ndimo nguvu ya mdundo inamoishia. Ikiwa ya kushoto ina joto na ya kulia imebaki baridi, ya kulia haifanyi kazi. Shokapu hubadilishwa kwa jozi, kulia na kushoto pamoja. Mpya moja na kuukuu moja hulifanya gari livute upande katika kona.

Springi nazo zikaguliwe, gari likiwa limetegwa vigingi imara na si kuachwa juu ya jeki peke yake. Pimeni kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pande zote mbili: tofauti kubwa ni ishara kwamba springi ya upande mmoja imelala au ina bapa lililovunjika. Ufa hujificha mara nyingi karibu na bolti ya katikati, nao hauonekani hadi tope lisuguliwe. Bushi zilizolika za macho ya springi na za shokapu huleta mlio na mchezo unaofanana na mdundo. Hizi ni nafuu, na zibadilishwe kwanza.

Sasa tufikie tiba tuliyoitaja mwanzoni. Gari likidunda, au likilala kwa mzigo, wengi huongeza bapa moja au mawili kutoka gari kuukuu. Kwa gari linalolala, jambo hilo lina mantiki kiasi. Kwa gari linalodunda kwa sababu ya shokapu, ni kuongeza ugonjwa: springi ikiwa ngumu zaidi hurudisha pigo kwa nguvu na haraka zaidi, na shokapu ile ile iliyokuwa imeshindwa sasa ina kazi kubwa kuliko awali.

Kuna na jambo la pili, lisilojulikana na wengi. Pikapu nyingi zina vali ya breki iliyofungwa kwenye chesisi na kuunganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Vali hiyo hupima mzigo kwa kutazama jinsi bodi ilivyoikaribia ekseli. Bodi ikiwa juu, vali huamini gari ni tupu, na hupunguza mafuta ya breki yaendayo nyuma ili magurudumu yasijifunge. Bodi ikishuka kwa mzigo, huruhusu breki kamili. Ukiongeza mabapa, bodi huinuka na kubaki juu hata gari likijaa viazi hadi juu ya kingo. Vali hudanganyika, breki za nyuma hupewa nguvu pungufu, na kazi huangukia breki za mbele. Baadhi ya mashamba ya Nyandira na Tchenzema yako juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ilhali mji wa Morogoro uko takriban mita 500. Mteremko wote huo hushukwa na gari lenye mzigo mzito kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yake, na breki za mbele zilizopata moto kupita kiasi hufifia.

Hata bila mabapa ya ziada, gurudumu linalodunda halishiki barabara. Wakati liko hewani halivuti, halisimamishi wala halielekezi. Wakati wa masika, tope likiwa jekundu na korongo upande mmoja, sekunde hiyo moja ni ndefu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari litumikalo barabarani liwe katika hali isiyohatarisha watu, na abiria aliyeketi juu ya magunia ana haki ya kumwuliza dereva kuhusu mdundo anaousikia.

Kama ni lazima springi ziongezwe nguvu kwa ajili ya mzigo, fundi arekebishe pia fimbo ya vali kulingana na kimo kipya, afunge shokapu zinazolingana na springi hizo, na asizidishe uzito ulioidhinishwa kwa gari. Bolti zenye umbo la herufi U zinazoshika springi na ekseli hulegea baada ya matengenezo. Zikazwe tena baada ya siku chache za kazi. Zikiachwa, bolti ya katikati hukatika, ekseli huhama mahali pake, na gari huanza kwenda upande kama kaa. Mwenye gari anayeona alama hiyo ya magurudumu ya nyuma kutofuata yale ya mbele asipakie mzigo wala abiria hadi gari litengenezwe.