Walimu na Wanajamii Wanavyowalea Wanafunzi Chuo Kikuu cha Rice

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Rice, kilichopo Houston nchini Marekani, hupangiwa ndaki ya makazi kabla ya kuanza masomo. Ndaki hiyo si ya taaluma moja. Huwakutanisha wanafunzi wa fani zote, na mwanafunzi hubaki mwanachama wake hadi anapohitimu.

Utaratibu huo ulianza mwaka 1957 kwa ndaki tano. Shughuli za kila siku husimamiwa na viongozi waliochaguliwa na wanafunzi wenyewe, lakini kila ndaki ina mlezi mkuu, ambaye ni mhadhiri anayeishi, mara nyingi pamoja na familia yake, katika nyumba iliyo jirani na mabweni. Walezi wengine huishi ndani ya mabweni, hivyo mwanafunzi anayepatwa na tatizo usiku halazimiki kusubiri ofisi zifunguliwe.

Kundi la tatu ni la walezi wasioishi hapo: wahadhiri, watumishi na wakazi wa Houston. Hawa hula pamoja na wanafunzi na kuwashauri kuhusu masomo na kazi. Mkazi wa mji hatoi alama za mtihani; mwanafunzi anayeona haya kumweleza mhadhiri kwamba somo limemshinda anaweza kuanza kwake.

Walezi hao hawachukui nafasi ya madaktari wala washauri nasaha. Wajibu wao ni kumfahamu mwanafunzi mapema na kumwelekeza panapostahili, kabla tatizo halijamfanya aache masomo.