Kijani cha ziwani si kimoja

Mwani si ule wa pwani pekee, unaoanikwa na kuuzwa. Umo pia katika maziwa, mito na mabwawa ya bara, na aina zake hutegemea maji yenyewe: yana magadi au la, yanakwenda au yametuama.

Katika vijito baridi vitokavyo Mlima Kenya, utelezi wa hudhurungi juu ya mawe aghalabu ni diatomu, viumbe wadogo mno ambao kila mmoja hukaa ndani ya gamba mithili ya kioo. Gamba hilo haliozi. Jiwe jeupe jepesi linalochimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil, ni malimbikizo ya diatomu waliokufa katika ziwa la kale.

Katika Ziwa Bogoria, ambalo magadi yake makali hayaruhusu samaki kuishi, hustawi mwani wa kijani-buluu wa jamii ya spirulina. Huo ndio chakula cha flamingo wadogo. Maji ya Ziwa Nakuru yalipoanza kupanda mwaka 2010, makali ya magadi yalipungua, mwani huo ukafifia na ndege wengi wakahama.

Ziwa Victoria lina kisa tofauti. Hadi miaka ya 1960, diatomu walikuwa wengi humo. Baadaye mbolea kutoka mashambani na majitaka ya miji yalirutubisha maji, na mwani wa kijani-buluu ukatawala, hasa katika Ghuba ya Winam ambayo ina kina kifupi na mlango mwembamba.

Wenyeji wa Kisumu wanaujua utando huo unaofanana na rangi iliyomwagika. Baadhi ya aina zake, hususan Microcystis, hutoa sumu inayodhuru ini la binadamu na la mifugo. Hapa ndipo mazoea yanapopotosha. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu, lakini hakuondoi sumu hii; huenda hata kukapasua chembe za mwani na kuiachilia zaidi. Ni heri kutochota kabisa palipo na utando, wala kuruhusu watoto waoge hapo. Mitambo ya kusafisha maji yenye kaboni maalumu yaweza kuipunguza sumu hiyo. Kitambaa kinachofungwa mdomoni mwa ndoo hakizuii ile iliyokwisha kuyeyuka.