Mapenzi ya Kughushi: Kinaya katika Filamu ya The Best Offer

Filamu ya The Best Offer, iliyoandikwa na kuongozwa na Mwitaliano Giuseppe Tornatore, ilitolewa mwaka wa 2013 na mwaka uo huo ikatunukiwa tuzo ya David di Donatello ya filamu bora nchini Italia. Makala haya yananuia kudhihirisha jinsi kinaya kinavyoibeba dhamira ya filamu hiyo. Kwa kuwa kinaya chenyewe kimo katika hatima yake, hatima hiyo haitafichwa hapa.

Mhusika mkuu ni Virgil Oldman, aliyeigizwa na Geoffrey Rush. Ni dalali mashuhuri wa minada ya kazi za sanaa, mzee mpweke asiyepata kuwa na mwanamke, ambaye huvaa glavu hata mezani. Jicho lake hutambua papo hapo kilicho halisi na kilichoghushiwa, na matajiri humwamini kwa sababu hiyo. Hata hivyo, mwaminiwa huyu ni mwizi. Akikutana na picha adhimu ya mwanamke, huitangaza kuwa kazi ya mchoraji hafifu. Bei ikishuka, rafikiye Billy Whistler (Donald Sutherland) huinunua mnadani kwa niaba yake. Picha hizo amezitundika katika chumba cha siri, ukutani kote, naye huketi katikati akizitazama. Hawa ndio wanawake pekee aliowahi kuwapenda. Hawasemi, hawaondoki, na wengi wao wamepatikana kwa hila.

Msuko unashika kasi pale Claire Ibbetson (Sylvia Hoeks) anapompigia simu akimtaka akadirie mali ya marehemu wazazi wake. Claire haonekani. Huzungumza akiwa nyuma ya ukuta, akidai kwamba ana maradhi ya kuogopa kutoka nje. Hapa ndipo ufundi wa Tornatore unapodhihirika zaidi: mtu ambaye silaha yake ni jicho ananyang'anywa jicho, akaachwa apende kwa sikio. Anapojificha nyuma ya sanamu ili amwone, keshatekwa. Hachunguzi tena, anathibitisha tu alichokwisha kukiamini.

Sambamba na hayo, Virgil huokota katika jumba la Claire vipande vya mashine yenye kutu na kumpelekea Robert (Jim Sturgess), fundi kijana. Vinaaminika kuwa sehemu za mtu wa mashine aliyeundwa na Jacques de Vaucanson, fundi Mfaransa wa karne ya 18. Kadiri Robert anavyoviunganisha, ndivyo anavyomfunza mzee namna ya kumkaribia mwanamke. Jazanda iko wazi. Kinachoundwa karakanani ni mtego, kipande kwa kipande, na mwenye kuvileta vipande ni mtegwa mwenyewe.

Virgil anarejea kutoka mnada wake wa mwisho jijini London na kukuta chumba cha siri kitupu. Claire, Robert na Billy walikuwa kitu kimoja. Kikulacho ki nguoni mwako, nacho hakikosi sababu: Billy alitamani kuwa mchoraji, na Virgil hakuwahi kuithamini kazi yake hata mara moja. Picha aliyoambiwa ni ya mamake Claire ina maandishi ya Billy nyuma yake. Virgil anakwenda hadi polisi, akageuka. (Angeshtakije wizi wa mali ambayo sehemu kubwa yake aliipata kwa udanganyifu?)

Ingekuwa rahisi kumhukumu kuwa amelipwa kwa kipimo chake. Filamu haikubali urahisi huo. Chumbani ameachiwa yule mtu wa mashine, akirudia kwa sauti ya Robert kauli ya Virgil mwenyewe kwamba kila kazi ya kughushi huwa na kitu cha kweli kilichofichwa na mghushi. Ni kejeli, lakini ndiyo pia tumaini pekee alilobakishiwa, kwani Claire aliwahi kumwambia kwamba, lolote litakalotokea, anampenda. Je, kauli hiyo ilikuwa ya mghushi au ya mtu?

Tornatore hajibu. Anampeleka Virgil hadi Prague, katika mkahawa uliojaa saa na magurudumu ya mashine, ambao Claire alimsimulia kuwa aliwahi kuwa na furaha humo. Mkahawa upo kweli. Mhudumu anamuuliza kama yuko peke yake, naye anajibu kwamba anamsubiri mtu.