Nyumba ya bao na kambi ya StarCraft

Fundi wa bao barazani hapa Mkoani haondoi macho kwenye nyumba. Mchezo unapoanza ana kete 22 mkononi na 10 ubaoni, na sita kati ya hizo zimo nyumbani. Baadaye kete ya mwisho ya mtaji ikimfikisha pale, ana la kuamua: ailaze nyumba, au aisafirishe? Akisafiri mapema akiba imekwisha. Akingoja sana, mwenzake ataila.

Uamuzi huohuo ndio kiini cha StarCraft, mchezo wa kompyuta wa vita vya anga za juu uliotolewa na Blizzard Entertainment ya Marekani tarehe 31 Machi 1998. Wanaopigana ni Terran, ambao ni binadamu waliolowea mbali na Dunia. Zerg, viumbe wanaozaana kama nzige. Na Protoss, wachache lakini wazito.

Unaanza na vibarua wanne na madini 50. Kibarua mmoja mpya bei yake ni 50, na kila safari analeta madini manane, basi atakwenda na kurudi mara saba kabla hajalipa gharama yake. Kwa 50 hizohizo, mchezaji wa Zerg anapata askari wawili wadogo, Zergling, kutoka yai moja. Ukijaza vibarua tu, Zergling sita wakibisha hodi mapema, umekwisha. Lakini ukiwazuia, aliyewatuma amebaki maskini na wewe ghala linajaa. Watu husifu mapigano. Mimi naona mchezo huu huamuliwa ghalani.

Umepishana na bao mahali pawili. Hakuna zamu: ukisita kufikiri, mwenzako anaendelea kujenga. Tena ramani imegubikwa giza, unaona pale tu walipo watu wako. Katika bao, kete za mpinzani ziko wazi, hata za mkononi unaweza kuzihesabu. Huku mchezaji mzuri hukubali kupoteza kazi ya kibarua mmoja, akamtuma mapema kuchungulia kambi ya adui. Kupeleleza ni gharama, na asiyeilipa anacheza kipofu.

Giza hilo liliisumbua hata kompyuta. Bingwa wa dunia wa sataranji, Garry Kasparov, alishindwa na mashine mwaka 1997, kabla StarCraft haijatoka. Katika StarCraft II, programu ya AlphaStar ya kampuni ya DeepMind ilifika daraja la juu kabisa mwaka 2019, miaka 22 baadaye.

Toleo la kwanza limekuwa la bure tangu Aprili 2017, na kompyuta ya kawaida hailemewi nalo. Kijana unayejua kulinda nyumba, anza na Terran, na usiache kibarua hata mmoja akae bure.