Weusi uliojificha kwenye mpira wa mlango wa mashine ya kufua

Juma hili tunawaletea habari inayotuhusu sisi wenyewe, na haitusifu.

Wengi wenu mnajua kwamba chama chetu kina mashine ya kufua, ile inayofungukia mbele. Tuliinunua ikiwa imekwisha kutumika, kwa pesa tulizochanga kidogo kidogo. Tulitaka mama aliyejifungua, mama mgonjwa au yule anayeshinda sokoni alete nguo zake, alipe kidogo, na faida iingie kwenye sanduku la chama. Hapa Bukavu, miezi ya mvua, nguo hazikauki upesi na maji ya bomba hayana uhakika, kwa hiyo kazi haikukosekana.

Kisha malalamiko yakaanza. Mama mmoja alirudisha shuka zake akisema zinanuka kama ghala. Mwingine alileta fulana nyeupe za mtoto wake mchanga, zina vidoa vyeusi shingoni. Tulikaa kikao, na bila kuchunguza tulimtupia lawama binti anayetufulia. Tulisema hasuuzi vizuri, anaacha nguo zilale ndani. Tulimkata pesa ya juma zima. Binti hakujibu kitu. Nyumbani kwao yeye ndiye anayelisha wadogo zake.

Siku mbili baadaye alituita. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine, amekunja kwa vidole ule mpira wa kijivu unaozunguka mlango. Ndani ya mkunjo tuliona uchafu mweusi wenye utelezi, nywele, pini moja, sarafu na mabaki ya sabuni yaliyoganda. Ule ndio ukungu uliokuwa ukigusa kila nguo tunayofua. Wala binti hakuuleta. Ulikuwa kazi yetu sote.

Ukungu unatoka wapi?

Ukungu unapenda unyevu, giza na chakula, na mpira wa mlango unaupa vyote vitatu. Maji yanabaki katika mkunjo wa chini. Chakula chake ni mabaki ya sabuni, mafuta ya miili yetu na nyuzi za nguo. Sisi tulikuwa tunaongeza makosa manne: tulitia sabuni ya unga nyingi mno tukidhani ndiyo usafi, tulifua kwa maji baridi siku zote, tulifunga mlango mara tu nguo zikitoka, na umeme ulipokatika tuliacha nguo na maji ndani mpaka kesho yake.

Harufu si shida pekee. Kwa mtoto au mtu mzima mwenye pumu, ukungu unaweza kuamsha kikohozi na kubanwa kifua.

Jinsi tulivyousafisha

1. Chomoa waya wa umeme kwanza. Vaa glavu za mpira, fungua dirisha na mlango wa chumba, na watoto wakae mbali.

2. Kunja mpira polepole kwa vidole, uzunguke wote. Toa nywele, pini na sarafu. Usitumie kisu, mpira ukichanika maji yatavuja. Chini kabisa kuna matundu madogo ya kupitisha maji. Yazibue kwa kijiti laini.

3. Sugua kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo. Penye pembe tumia mswaki wa zamani. Kisha suuza. Uchafu mwingi unatoka hapa.

4. Kwa weusi uliobaki, tia glasi 1 ya javeli katika lita 4 za maji baridi. Lowesha vitambaa vya zamani, vikamue kidogo, vipachike ndani ya mkunjo na uviache nusu saa. Vitoe, kisha pangusa mpira kwa maji safi mara mbili au tatu.

5. Osha pia kidroo cha sabuni, na kile kichujio kilicho chini ya mashine. Weka beseni na tambara kabla ya kukifungua, kwa sababu maji yatamwagika.

6. Rudisha umeme, zungusha mashine tupu kwa maji ya moto, digri 60 au zaidi. Ukitia nguo za rangi kabla ya hapo, mabaki ya javeli yatazibabua.

Doa lingine halitoki hata ukungu ukiwa umekufa, kwa sababu limeingia ndani ya mpira. Hilo lisikutie hofu kama hakuna utelezi wala harufu. Lakini mpira uliopasuka ubadilishwe na fundi.

Tahadhari tuliyoilipia

Mmoja wetu alitaka kumaliza upesi. Alimwaga siki juu ya mpira, kisha javeli hapo hapo. Chumba kilikuwa kidogo. Macho yalituwasha, kifua kikabana, tukakimbilia nje tukikohoa. Javeli ikikutana na siki au maji ya ndimu inatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaweza kuua. Siku ile tulipona kwa sababu mlango ulikuwa karibu.

Mkojo nao una amonia, nayo ikikutana na javeli inatoa gesi nyingine yenye sumu. Kwa hiyo vitambaa vya mtoto vilivyojaa mkojo visuuzwe vizuri kwanza, kabla ya kutiwa javeli. Javeli ichanganywe na maji matupu tu. Ukivuta hewa hiyo toka nje mara moja. Pumzi isipotulia, nenda kituo cha afya.

Ili usirudi

Sasa kila jioni tunapangusa mpira kwa kitambaa kikavu, hasa mkunjo wa chini. Sabuni tumeipunguza. Mara moja kwa mwezi tunazungusha mashine tupu kwa maji ya moto. Umeme ukikatika, tunangoja mlango ukubali kufunguka, tunatoa maji kwa kile kichujio na nguo tunazimalizia kwa mikono.

Mlango tunauacha wazi kwa upana wa vidole vinne ili hewa ipite. Lakini mtoto mdogo anaweza kuingia ndani ya mashine na kujifungia, akakosa hewa. Kwa hiyo chumba kinafungwa kwa ufunguo. Wewe ambaye mashine yako iko sebuleni, usiuache mlango wazi watoto wakiwa wanacheza. Pangusa mpira mpaka ukauke, kisha funga.

Shuka na fulana zile tulizifua tena bila malipo. Binti tulimrudishia pesa yake mbele ya kikao kile kile kilichomkata, na tukamwomba msamaha. Sasa yeye ndiye anayewafundisha wanachama wapya. Jambo la kwanza analowaonyesha ni kupiga magoti na kukunja ule mpira.